Baraza la wenyeji na wakimbizi: namna ya kuliongoza lisivunjike

Baraza kuhusu wakimbizi likivunjika, lawama huwaendea vijana waliopiga kelele, au mwanasiasa aliyefika amechelewa akadai kipaza sauti. Mara nyingi lilikuwa limevunjika tangu kufunguliwa, pale mwongozaji aliposimama na kuuliza swali moja pana: "Je, wananchi, tunawataka wakimbizi au hatuwataki?" Hakuna aliyeketi pale mwenye uwezo wa kulijibu. Chifu hana, mwakilishi wadi hana, na gavana pia hana. Swali lisilo na mwenye jibu huzaa kelele tu.

Maelezo haya ni ya anayeandaa baraza la namna hiyo Kenya, hasa Turkana Magharibi na Garissa, ambako kambi zimekaa kiasi cha kuzaa wajukuu: Dadaab, Garissa, tangu 1991, na Kakuma, Turkana, tangu 1992. Kazi yako si kuwafanya watu wakubaliane. Kazi yako ni kuchukua kila malalamiko na kuyafikisha kwa mwenye mamlaka nayo, yakiwa yameandikwa kwa namna ambayo hawezi kuyakwepa.

Gawa swali kabla hujaita mtu

Chukua karatasi nne za manila. Kila moja iandike swali lake kwa herufi kubwa, na chini yake jina la ofisi inayoamua.

Karatasi ya kwanza: Nani anaingia nchini? Hili ni la serikali ya kitaifa na Bunge, na limefungwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Mwongozaji awe na historia fupi mkononi, kwa sababu ataulizwa. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Mahakama Kuu ikakifuta kikomo hicho Februari 2015. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kufunga Dadaab; Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema tangazo hilo linakiuka Katiba. Anayesimama na kusema "wafukuzwe wote kesho" asiambiwe kwamba hana akili. Aambiwe kwamba jambo hilo limeshajaribiwa mara mbili, likakwama mahakamani, na kwamba kama anataka sheria ibadilike mlango ni Bunge.

Karatasi ya pili: Wanaishi wapi, na wanatembeaje? Hapa kuna kambi, makazi ya Kalobeyei karibu na Kakuma, pasi za kusafiri, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 ili kugeuza kambi ziwe makazi yenye huduma za pamoja. Jina hilo limeleta mkanganyiko wake. Serikali ilikusudia maana ya kushirikiana, lakini mwananchi wa kawaida akisikia "shirika" anaona gari jeupe lenye antena. Wengi huingia barazani wakiamini ni mpango wa mashirika ya misaada, tena wa kuwanufaisha wenye mashirika. Fafanua neno hilo dakika ya kwanza, kwa kila lugha.

Karatasi ya tatu: Mwenyeji anapata nini, anapoteza nini? Maji, kuni, malisho, ajira, shule, zahanati, ardhi. Serikali ya kaunti na mashirika ndio wahusika wakubwa. Muda mwingi uwe hapa, kwa sababu hapa ndipo baraza lina nguvu ya kweli.

Karatasi ya nne: Nani ni Mkenya? Uraia na vitambulisho. Sheria ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kupata hati, lakini haimpi uraia. Sema hivyo wazi, maana uvumi kwamba "watapewa vipande wapige kura" ndio unaochoma mabaraza mengi. Karatasi hii ina kidonda cha wenyeji pia. Wakati wa ukame na njaa, Wakenya Wasomali wengi wa Garissa walijiandikisha kambini ili wapate chakula. Alama za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi, na baadaye wakanyimwa vitambulisho vya nchi yao wenyewe. Ukisahau kundi hili, litakukumbusha kwa sauti.

Bandika karatasi zote mahali zinapoonekana. Mtu akianza kuzungumza, karani asimame karibu na karatasi inayohusika. Akirukia swali jingine, karani anahama. Utaona wazungumzaji wenyewe wakimfuata karani kwa macho na kujirekebisha.

Hesabu ya watu na dakika

Watu sitini wanatosha. Mia mbili ni mkutano wa kampeni.

Kosa la kawaida ni kusahau tafsiri. Kakuma utahitaji Kiturkana, Kiswahili na angalau Kisomali au Kiarabu cha Juba. Mtu akipewa dakika mbili na maneno yake yakapita lugha tatu, ametumia dakika sita. Kwa saa tatu kamili za baraza, hata bila ufunguzi, hao ni wazungumzaji thelathini tu, na waliobaki wataenda nyumbani wakisema hawakusikizwa.

Ratiba inayofanya kazi ni hii: dakika 20 za ufunguzi na kueleza karatasi nne, dakika 50 za vikundi vitano vya watu kumi na wawili, kila kikundi kwa lugha yake, dakika 80 za kikao cha wote, dakika 30 za kusoma yaliyoandikwa na kuyasahihisha. Zile dakika 80 zinabeba wazungumzaji kumi na watatu. Kila kikundi kitoe wawili, hao ni kumi, na nafasi tatu ziachwe kwa yeyote. Vikundi viwili kati ya vitano viwe vya wanawake peke yao, kimoja cha wenyeji na kimoja cha wakimbizi, na wasemaji wao wawe wanawake. Mama anayejua foleni ya mfereji huanza saa ngapi hatasimama kumpinga mzee mbele ya ukoo, lakini atasema yote kikundini.

Anza saa mbili na nusu asubuhi. Likivuka saa sita, jua litakuwa limekuamulia mengine.

Notisi, mahali, posho

Baraza likiitishwa na kikundi au shirika, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe notisi ya maandishi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Naibu kamishna wa kaunti na chifu wapate nakala, na kwa upande wa kambi ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Usiifikishe barua kambini kupitia mwenyekiti wa bloku (mtaa wa kambi) peke yake. Akiamua kuikalia, utapata bloku moja na ndugu zake.

Mahali pawe ndani au karibu kabisa na eneo lililotengwa kwa wakimbizi. Ukilipeleka baraza Lodwar au Garissa mjini, kila mkimbizi atahitaji pasi ya kutoka, na watakaopata ni walewale wenye mazoea na ofisi. Shule iliyo mpakani kati ya kambi na mji ni bora kuliko ukumbi wa shirika, kwa sababu mwenyeji akiingia kwenye ukuta wa shirika anajiona mgeni kwao.

Panga viti nusu duara. Ukiviweka pande mbili zikitazamana, umeshachora mstari wa vita.

Nauli na posho zitangazwe mwanzoni, ziwe sawa kwa wenyeji na wakimbizi, na zilipwe mwishoni. Zikitofautiana hata kwa shilingi hamsini, hakuna ajenda nyingine itakayosikika. Daftari la posho liwe tofauti na daftari la maoni. Anayeona jina lake na namba ya kadi yake vinaandikwa kando ya maneno aliyosema atasema maneno ya kuwafurahisha wakubwa, na anayesubiri kesi yake ya hifadhi hatasema kitu. Picha za nyuso zisipigwe bila kuulizwa.

Kipaza sauti kishikwe na msaidizi wakati wote, kisiingie mkononi mwa mzungumzaji. Huu ni ushauri mdogo unaookoa mabaraza mengi. Mzungumzaji akipitisha dakika mbili, msaidizi hurudi hatua moja nyuma, na hakuna haja ya kumnyamazisha mzee mbele za watu.

Wakalimani wawe wawili kwa kila lugha, mmoja mwenyeji na mmoja mkimbizi. Si kwa sababu mmoja ni mwongo. Neno "qaxooti", ambalo kwa Kisomali ni mkimbizi, linaweza kutamkwa kama jina la hali au kama tusi, na mkalimani wa pili ndiye atakayesema lilitamkwa vipi. Kubaliana nao mapema juu ya maneno matatu: mkimbizi ni aliyekubaliwa hifadhi, mtafuta hifadhi bado anasubiri uamuzi, mhamiaji ni aliyehama kwa sababu zake nyingine. Ukiyaacha yachanganywe, hoja ya mtu wa mpakani aliyekuja kuuza mbuzi itabebeshwa familia iliyokimbia vita.

Kugeuza lalamiko kuwa kitu cha kuandikwa

Hapa ndipo ujuzi wenyewe ulipo. Lalamiko likija likiwa hasira, lina ukweli ndani yake, ila halijapata umbo. Mwongozaji alipe umbo kwa kuuliza wapi, lini, kiasi gani.

Chukua mfano. Mzee anasimama na kusema, "Hawa walikuja na mkeka tu, leo wana maduka, na sisi bado tunawauzia kuni!" Jibu baya ni kumweleza faida za uchumi. Ndiyo, utafiti wa 2018 wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC, la Benki ya Dunia) ulikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka na kuhesabu maduka zaidi ya 2,000. Lakini ukimtupia mzee hesabu hiyo utakuwa umemthibitishia: bilioni tano zipo, na yeye hana. Muulize hivi: "Mzee, mzigo mmoja wa kuni unauza shilingi ngapi? Mwaka jana ulikuwa bei gani? Unautoa wapi, mwendo wa saa ngapi?" Akijibu, karani anaandika kwenye karatasi ya tatu: umbali wa kuni umeongezeka kutoka hapa hadi pale, bei imebaki ileile. Hilo sasa ni jambo la kaunti na wahifadhi wa misitu, na Sheria ya 2021 inazungumzia ulinzi na urekebishaji wa mazingira ya maeneo ya wakimbizi.

Kuhusu kuni zenyewe, wape kikundi kijiti wachore ramani mchangani: laga (mto wa msimu), barabara, kambi, mahali pa kukata. Uliza ni mti gani. Mathenge, ule mti vamizi wa miiba, ukikatwa, wafugaji wengi watashukuru. Ukikatwa mti wa kivuli na malisho, hapo kuna ugomvi wa kweli. Uliza pia nani huenda kuokota, maana wanawake wa kambini wameshambuliwa mara nyingi wakitafuta kuni porini, na ramani ileile itaonyesha njia wanazoogopa.

Maji yanapimika kwa urahisi zaidi. Kipimo kinachotumiwa kambini kwa kawaida ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani mtungi mmoja wa njano. Waulize wenyeji nyumba yenye watu saba inapata mitungi mingapi, mfereji hufunguliwa saa ngapi hadi saa ngapi, na kisima kilichoharibika kina muda gani. Waulize wakimbizi maswali yaleyale. Mara nyingine itaonekana kambi inapata zaidi. Mara nyingine bloku za mwishoni mwa bomba zina hali mbaya kuliko kijiji. Vyovyote iwavyo, yaandikwe yalivyo.

Ajira inahitaji uangalifu. Mwenyeji husema kazi za mashirika zimechukuliwa na wakimbizi. Mkimbizi hujibu kwamba analipwa posho ndogo, ile inayoitwa motisha, kwa kazi ambayo Mkenya hulipwa mshahara. Wote wawili wanasema kweli, na mwajiri ni yuleyule mmoja. Kibali cha kazi cha mkimbizi, Daraja M, hakilipiwi ada, ila kukipata ni safari ndefu. Swali la kuandikwa ni kwa mashirika: nafasi ngapi zilitangazwa mwaka huu, zilitangazwa wapi, zilijazwa na nani?

"Wanakula bure" nayo ina jibu la tarehe. Mwaka 2025 mgao ulikatwa vibaya kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili, kukawa na maandamano Kakuma, kisha kaya zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji. Mwenye duka mwenyeji anajua hilo kuliko ofisa, maana daftari lake la madeni ndilo lililonenepa. Mpe nafasi aseme yeye.

Ardhi

Usiwe na haraka na ardhi, na usiahidi chochote. Kabla ya baraza tafuta jibu la jambo moja: je, ardhi inayozungumzwa imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016? Ikiwa imesajiliwa, uamuzi wa kuitoa unahitaji theluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa, na sahihi za wazee watano chini ya mti hazitoshi. Ikiwa haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya jamii, na maswali yote yaende huko. Kalobeyei ilipata takribani hekta 1,500, na mazungumzo yake na jamii yanatajwa hadi leo katika kila baraza la Turkana Magharibi, na si kwa sifa pekee: ahadi gani ilitolewa, nani aliisikia, iliandikwa wapi. Ndiyo maana ahadi yoyote itakayotamkwa mbele yako iandikwe papo hapo, pamoja na cheo cha aliyeitamka.

Usalama

Hoja hii itakuja. Usiizuie. Garissa walizika, watu 148 waliuawa chuo kikuu Aprili 2015, na baada ya mashambulizi ya miaka ile serikali ilisema wazi kwamba Dadaab ilitumiwa na magaidi. Aliyepoteza mtu apewe nafasi azungumze, na asijibiwe. Kimya cha dakika moja kinatosha.

Baada ya hapo weka kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna kumtaja mtu kwa jina kwenye kipaza sauti. Mwenye taarifa kuhusu mtu aipeleke polisi. Ya pili, anayeishutumu jamii nzima aulizwe wapi, lini, nani aliona, kama alivyoulizwa mwenye kuni. Mtu akisisitiza kwamba kila shambulizi lilitoka kambini, mwongozaji anaweza kukumbusha kwa upole kwamba mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Asitumie ukweli huo kama rungu. Upande wa pili nao usidai kambi haina wahalifu. Ina wezi wake kama mji wowote wa ukubwa huo, na wakimbizi ndio wa kwanza kuibiwa.

Mwanasiasa akifika katikati, asipewe hotuba. Mkaribishe, mweleze karatasi nne, muulize: "Mheshimiwa, kati ya haya, lipi liko ofisini kwako?" Swali hilo hufupisha mambo.

Karatasi zinakwenda wapi

Katika nusu saa ya mwisho karani asome kila jambo kwa sauti, na aliyelisema athibitishe. Pasipokubaliana, andika misimamo yote miwili. Baraza lililoandika "wakazi wote waliafikiana" kuhusu wakimbizi halimshawishi ofisa yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza.

Kwa mswada, kanuni au sera inayokusanyiwa maoni, tayarisha jedwali lenye safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Kurasa mbili zinasomwa. Kumi na tano huwekwa chini ya kikombe. Maoni ya Bunge yaende kwa Karani wa Bunge kabla ya tarehe ya tangazo, na ya kaunti kwa karani wa bunge la kaunti.

Kwa jambo lisilo na mswada, kuna ombi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Kifungu hicho kinasema "kila mtu", kwa hiyo mkimbizi naye anaweza kulitia sahihi. Ombi lieleze hatua zilizochukuliwa kabla na kama jambo liko mahakamani. Ukiacha kimojawapo unampa Karani wa Bunge sababu ya kulirudisha.

Kuomba taarifa ni tofauti, na wengi hunaswa hapa. Kifungu cha 35 kinampa haki hiyo raia. Barua ya kudai orodha ya nafasi za kazi au bajeti ya visima itiwe sahihi na Mkenya mwenye kitambulisho, hata kama swali liliulizwa na mkimbizi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andika tarehe ya siku ya ishirini na moja nyuma ya nakala yenye muhuri, na mpe mtu mmoja jukumu la kuifuatilia.

Nakala ya yote ibandikwe ofisi ya chifu na kwenye ubao wa kambi ndani ya wiki moja, kwa lugha zilezile za baraza, pamoja na namba za barua zilizotumwa. Wasiojua kusoma wasomewe kwenye foleni ya maji, asubuhi, kabla mfereji haujafunguliwa.